Zawadi ya Kutundika Ukutani: Habari Zake katika Unyamwezi na Njia ya Misafara

Katika nchi ya Unyamwezi desturi ya kutundika picha ukutani ni ngeni, walakini desturi ya kuupamba ukuta ni ya kale kupita maandiko ya wageni wote waliopita katika njia ya misafara. Watu huyachanganya mambo haya mawili. Mwalimu au padri atakapo kumpa mtu picha ya kutundika nyumbani, iwe siku ya arusi, iwe siku ya upadrisho, au mtu ahamiapo nyumba mpya, mara nyingi hudhani kwamba anaupelekea ukuta mtupu kitu cha kwanza cha kutazamwa. Sivyo. Kuta za Tabora na za vijiji vyake zilikuwa zikisema na watu tangu zamani, na picha iletwayo huingia katika maneno yaliyokwisha kuanza. Twataka kuonyesha katika kurasa hizi jinsi wageni wa njia ile walivyozichagua zawadi zao, ni nani aliyechagua kwa kuuliza na ni nani aliyechagua kwa macho yake mwenyewe tu, ili anunuaye picha leo ajue ni kazi gani anayoifanya.

Tuanze na maneno, kwani ndani yake mna habari nyingi. Zawadi ni neno la asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa masurufu, yaani vitu avichukuavyo mtu kwa safari. Katika Kiswahili liliwekwa hasa kwa kitu anachorudi nacho msafiri ampe aliyebaki nyumbani. Tunu ni kitu adimu, kipendezacho kwa uchache wake. Hongo nayo, ambayo siku hizi imekuwa jina la rushwa, wakati wa misafara ilikuwa ada aliyoitoa mkuu wa msafara kwa mtemi apate kupita katika nchi yake kwa amani. Mpaka kati ya hongo na zawadi haukuwa wazi siku zote. Nguo ileile, ikitolewa kwa kudaiwa, ni hongo. Ikitolewa kabla ya kudaiwa, yaweza kuitwa zawadi. Na mtoaji na mpokeaji wote wawili walijua hesabu yake.

Maneno ya upande wa pili yatupasa kuyaangalia zaidi. Picha ni neno tulilolipata katika Kiingereza. Kabla yake watu wa pwani walisema taswira, ambalo mzizi wake ni ule wa sura ya mtu, au walisema sanamu. Na katika Kiarabu neno hili la sanamu maana yake ni kinyago kiabudiwacho. Waswahili walilipanua, wakaita sanamu kila mfano wa kiumbe, uwe umechongwa katika mti, umechorwa kwa rangi, au umechapwa katika karatasi. Kamusi za kale zathibitisha hayo. Basi katekista aliyeambiwa achukue sanamu ya Bikira Maria akaitundike nyumbani alisikia neno lilelile linalosomwa katika Amri za Mungu kwa kitu kilichokatazwa. Walimu walieleza tofauti yake, na wanafunzi walielewa. Lakini jirani Mwislamu aliyeingia nyumbani humo hakuwapo darasani. Yeye alilisikia neno tu.

Twalitaja hili kwa sababu zawadi ya ukutani haionwi na mpokeaji peke yake. Nguo huvaliwa na mmoja, asali huliwa ikaisha, hata kitabu chaweza kufungwa kikawekwa sandukuni. Picha husomwa na kila aingiaye, mwaka baada ya mwaka, wala mtoaji hayupo pale kuieleza.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ambapo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na Waarabu waliokaa pale, hasa Snay bin Amir, ambaye Burton amemsifu sana kwa elimu na ukarimu. Burton aliandika kwa kirefu habari za bidhaa za misafara, na katika hizo ituhusuyo zaidi ni ile ya ushanga. Alisema aina zake zapata 400, na kila aina ilikuwa na jina lake, bei yake na nchi yake. Ushanga uliotakiwa katika nchi moja ulikataliwa katika nchi ya pili, na uliopendwa mwaka jana uliweza kudharauliwa mwaka huu. Aliyenunua mizigo Unguja kwa kupendezwa na rangi tu, asiulize habari za bara, alijikuta katikati ya pori na mizigo isiyoweza kumnunulia hata kuku. Mambo ya nguo yalikuwa vivyo hivyo: palikuwa na merikani, iliyopata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani, na kaniki, na barsati, na dabwani, na sohari, na joho kwa wakubwa, na msafiri aliyempa mtemi nguo ya wapagazi alikuwa amemtukana kabla hajafungua kinywa.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa njia ile, hata kama hakujua kusoma, alikuwa na elimu ambayo wengi waliomfuata hawakuwa nayo. Aliwauliza wapagazi waliotoka bara: Kule mwaka huu watu wataka nini? Wanyamwezi wenyewe, waliokuwa wapagazi mashuhuri kupita wote, ndio waliojua majibu. Kuuliza huko hakukuwa adabu tu, kulikuwa uhai wa msafara, maana ushanga ndio ulionunua chakula cha kesho. Waliokuja nyuma na picha walikuwa na mzigo mwepesi zaidi, na kwa kuwa picha hainunui chakula, hakuna kilichowalazimisha kuuliza.

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi zawadi za fahari zilivyochaguliwa siku zile. Speke alirudi Kazeh mwaka 1861 pamoja na James Grant, na kwa njia ya Karagwe akafika kwa Mutesa, kabaka wa Buganda, mwezi wa Februari 1862. Zawadi alizompelekea ameziandika mwenyewe: bunduki na bastola, sime za kufunga mwisho wa bunduki, risasi na fataki, saa ya dhahabu, darubini, kiti cha chuma, nguo za hariri, ushanga, na visu na vijiko na nyuma za mezani. Karibu vyote ni vitu vya mkono na vya vita. Hakuna hata kimoja cha kutazamwa ukutani. Walakini habari za Speke zaonyesha ya kuwa Mutesa alipenda mno kukitazama kitabu chake cha picha. Kitu kilichompendeza mfalme machoni hakikuwamo katika orodha.

Tena, tusidhani kwamba macho ya watu wa bara yalikuwa hayajazoea michoro. Huyo Burton, ambaye si mwepesi wa kusifu, ameandika jinsi Wanyamwezi walivyopamba kuta kwa safu za alama za mviringo zilizorefuka kidogo, ukubwa wa ncha ya kidole, kwa sababu zilipigwa kwa ncha za vidole vyenyewe. Rangi zilikuwa tatu: majivu yaliyovurugwa na maji yakawa meupe, udongo mwekundu, na tope nyeusi. Ni rangi ambazo kila mwanamke wa nchi ile alijua mahali pa kuzipata bila kutoa senti. Mapambo ya namna hiyo hayadumu. Ukuta wa udongo hupasuka wakati wa kiangazi, hupigwa na mvua, husiribwa upya, na kila unaposiribwa hupambwa tena. Mgeni aliyepita mwaka mmoja na kurudi baada ya miaka mitatu hakuukuta ukuta aliouacha. Kwetu sisi tuliozoea picha ya kioo na fremu, iliyonunuliwa mara moja na kuning'inia hata rangi yake ikafifia, hili ni jambo la kufikiriwa: hapa pambo halikuwa kitu bali lilikuwa kazi, na heshima yake ilikuwa katika kurudiwa.

Palikuwa na kuta nyingine zilizokuwa na neno zito zaidi. Katika Unyamwezi na Usukuma palikuwa na chama cha mafundi wa nyoka, kiitwacho Buyeye, na katika Usukuma chajulikana pia kwa jina la Bugoyangi. Watu wake waliwajua nyoka na sumu zao, walitibu walioumwa, na walicheza nao mbele ya watu. Mtu hakuingia katika chama hicho kwa kutaka tu. Alifundishwa, na sehemu ya mafundisho ilitolewa ndani ya nyumba ambayo kuta zake zilichorwa kwa ndani. Mlikuwa na nyoka wa namna nyingi, na watu, na viumbe vya hadithi za chama, navyo vilichorwa kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Mwalimu wa chama alisimama mbele ya mchoro akaeleza, na mwanafunzi akashika. Asiye wa chama hakuingia.

Habari za michoro hiyo twazijua hasa kwa kazi ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika katika uchunguzi wa mila na sheria za wenyeji. Aliikusanya na kuitolea kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1953. Waliobatizwa walikiacha chama, kwani mafundisho ya misioni yalikihesabu kuwa jambo la kipagani, na nyumba zile zikaanguka kama zinavyoanguka nyumba zote za udongo. Kama Cory asingalinakili, leo tungalikuwa na jina tu. Hatusemi kwamba ilifaa Wakristo waendelee na viapo vya Buyeye. Twasema kwamba pale pale, katika vijiji tulivyofundisha katekisimu kwa kutumia picha, palikuwa na watu waliokwisha kufundishana kwa picha za ukutani, wakajua ya kwamba mchoro una mafundisho, una mlango, na una watu wake. Kwa maoni yetu, ndiyo sababu mzee wa nchi ile akipewa picha huuliza kwanza, “Hii yasema nini?” Mzungu aliyeitoa alitazamia aulizwe kama ni nzuri.

Waarabu na Waswahili wa Tabora walikuwa na njia yao. Kule pwani, katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, ukuta una zidaka, na ndani ya zidaka huwekwa sahani za Kichina na vyombo vya thamani. Tabora haikuwa na mawe ya matumbawe wala chokaa ya pwani. Walijenga tembe kubwa za udongo zenye dari tambarare na ukumbi mpana wa mbele, na fahari yao wakaiweka mlangoni, katika mbao zilizochongwa. Atakaye kuona mfano wake aende Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 baada ya kukutana Ujiji. Nyumba ile ilijengwa upya mwaka 1957 iwe ya makumbusho, na milango yake ya nakshi yatoa sura ya mambo yalivyokuwa.

Tena, Mwislamu mwenye kuishika dini yake hatundiki mfano wa kiumbe chenye roho mahali anaposwali. Hutundika maandiko, mathalani Ayatul-Kursi kwa hati nzuri, au picha ya Kaaba. Padri au mwalimu anayetaka kumpa zawadi jirani wa Ng'ambo au Gongoni siku ya Idi, basi, asipeleke picha ya simba hata kama imechorwa vizuri namna gani. Mwenyeji ataipokea kwa mikono miwili na kwa shukrani nyingi, kisha ataiweka uvunguni. Na kila mtoaji akija kutembea, italazimika kutolewa na kutundikwa kwa haraka. Hiyo si zawadi, ni kazi ya nyumba. Saa ya ukutani yafaa, na mchoro wa maua au wa miti wafaa, na ubao wa nakshi ya mkono wa seremala wafaa zaidi.

Tumefika kwenye picha zetu wenyewe. Mwezi wa Aprili 1878 wamisionari kumi wa shirika la Kardinali Lavigerie, ambaye wakati huo alikuwa bado askofu mkuu tu, walipanda meli Marseille. Kutoka Bagamoyo walishika njia ya misafara, wakamzika njiani Padri Pascal, mmoja wa wakuu wao, na walipofika Tabora wakagawanyika: wengine wakaenda Nyanza na Buganda, wengine Ujiji na ziwa Tanganyika. Tabora ikawa kwao kituo cha njia, na miaka michache baadaye pakafunguliwa Kipalapala nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani.

Jina la Marseille lapaswa kumsimamisha kidogo msomaji wa historia ya Kanisa. Katika mji uleule, miaka 1,200 na zaidi kabla ya hapo, Askofu Serenus alizivunja picha za kanisani kwa sababu aliona watu wanaziabudu. Papa Gregori Mkuu alimwandikia mara mbili, mwaka 599 na mwaka 600. Alimsifu kwa bidii yake ya kuzuia ibada isiyopasa, akamkemea kwa kuzivunja, kwani, alisema, picha ni kwa wasiojua kusoma kama vile maandishi yalivyo kwa wenye kusoma. Na Gregori huyo ndiye aliyempeleka Agustino kwa Waingereza. Beda asimulia ya kuwa mwaka 597 Agustino na wenzake walimwendea mfalme wa Kent wamechukua msalaba wa fedha na mfano wa Bwana wetu uliochorwa juu ya ubao. Wamisionari wa mwaka 1878 walikuwa katika mapokeo ya kale sana walipochukua picha.

Lakini yapo mambo mawili katika maneno ya Gregori, na mara nyingi twalikumbuka moja. Kama picha ni kitabu cha asiyejua kusoma, basi yapasa iwe imeandikwa katika lugha aijuayo. Lavigerie alisisitiza mno kwamba watoto wa Afrika wasigeuzwe kuwa Wazungu, na wamisionari wake wajifunze lugha ya nchi na kufuata maisha yake. Kwa sababu hiyo aliwapeleka vijana waliokombolewa Malta wasomee uganga, warudi kuwatibu watu wao. Adrian Atiman, aliyefika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu hata kufa kwake mwaka 1956, ni tunda la shauri hilo. Shauri hilo hata hivyo halikufika kwenye maduka ya picha. Karibu na kanisa la Mtakatifu Sulpisi huko Paris palikuwa na maduka mengi ya sanamu na picha za dini, hata jina la mtaa likawa jina la mtindo mzima: nyuso laini, mashavu mekundu, nguo za buluu nyororo. Picha za mtindo huo, zilizochapwa kwa maelfu na kwa bei rahisi, ndizo zilizofika katika nyumba za Wakristo wa bara. Ndani yake Bwana wetu na Mama yake na watakatifu wote wana ngozi nyeupe, na katika nyingine mwenye ngozi nyeusi ni mmoja tu, naye amelala chini ya mguu wa Malaika Mikaeli.

Tusiseme ya kuwa hili ni jambo dogo. Ushanga usiotakiwa ulirudishwa pale pale sokoni, na mfanyabiashara akajua kosa lake kabla jua halijachwa. Picha ya namna hii haikurudishwa. Ilipokewa kwa heshima kwa sababu ya aliyeitoa, ikatundikwa, ikafundisha polepole jambo ambalo hakuna padri aliyelihubiri na ambalo Lavigerie alilikataa. Watoto walikua chini yake. Hakuna aliyeuliza, maana mtu aulizaje juu ya zawadi?

Mabadiliko yalikuja kwa taratibu. Mwaka 1920 mashahidi 22 wa Buganda walitangazwa wenye heri, na tarehe 18 Oktoba 1964 watakatifu. Baadhi yao walifundishwa na Padri Lourdel, aliyepita Tabora pamoja na msafara ule wa kwanza na kufika Buganda mwaka 1879. Picha zao zilipoanza kuenea, nyumba nyingi zilitundika kwa mara ya kwanza watakatifu wenye sura kama za watu wa nyumba hiyo. Huko Bujora, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950 Padri David Clement, Mkanada wa shirika lilelile la Lavigerie, alianza kuzikusanya ngoma na vyombo na mapokeo ya Wasukuma, akajenga kanisa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Wengine walimlaumu. Sisi twaona ya kuwa alifanya tena yale waliyofanya wakuu wa misafara, yaani aliuliza kwanza.

Anayechagua zawadi leo ana wingi wa picha kuliko hao wote, na wingi wenyewe ndio hatari. Kwa arusi ya mwalimu kijana, watu kumi huleta picha kumi, na saba kati yake ni moja. Yafaa mtu apite nyumbani kwanza, akae barazani, aingie sebuleni, atazame. Kuta za nyumba nyingi za Tabora zina kalenda ya parokia au ya jimbo, ambayo hubaki ukutani hata mwaka wake umekwisha, kwa ajili ya picha yake. Zina picha za upigaji za wazazi, zikitundikwa juu sana, karibu na dari, zikiinama kidogo mbele. Pengine pana kitambaa kilichotariziwa maneno ya kumkaribisha mgeni, kazi ya mikono ya mama wa nyumba tangu alipokuwa msichana wa shule. Ukuta ukiwa hivyo hauna upungufu wa picha. Kumtolea mama huyo fremu nzuri ya kitambaa chake, au kuzipeleka kwa fundi picha za wazazi zilizoliwa na unyevu zikatengenezwa, ni zawadi kupita picha yoyote ya dukani. Nayo haimwondoi mtu ukutani mwake ili kumweka mgeni.

Ofisi ni jambo jingine. Katika ofisi za Tanzania hutundikwa picha ya Rais, na mara nyingi ya Baba wa Taifa, ambaye mwenyewe alisoma Tabora na kufundisha huko katika shule ya Mtakatifu Maria. Watu wamezoea basi kwamba picha ya mtu iliyo juu ya meza yaonyesha ni nani mwenye amri hapo. Mtoaji akumbuke hayo kabla ya kumpa mtu picha kubwa ya askofu, au, kama tulivyoona mara kadha wa kadha, picha yake yeye mtoaji.

Kwa mgeni anayerudi kwao Ulaya au Marekani wengi huchagua mchoro wa tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 1968, akauawa kwa risasi mwaka 1972, na mtindo wake ukaendelezwa na wanafunzi wake: wanyama na ndege kwa rangi za mafuta ziangazazo, juu ya mbao za mraba zilizo nyepesi kuchukuliwa. Wako wanaoudharau kwa kuwa ulichorwa hasa kwa ajili ya kuuziwa wageni. Kwetu sisi hilo ndilo liufanyalo ufae: ni zawadi katika maana ya asili ya neno, kitu cha kufungwa mzigoni na msafiri. Kumpa mwenyeji wa Sikonge au Urambo picha ya twiga ni kumletea ngano ya watalii.

Yabaki mambo ya mti na udongo, ambayo wanunuzi huyasahau. Fremu nyingi za dukani ni za mbao laini, na mgongo wake ni karatasi nene. Mchwa wa Unyamwezi hupanda ndani ya ukuta wa udongo bila kuonekana, hutokea nyuma ya picha, hula mgongo, hula fremu, kisha huila karatasi yenyewe, na mwenye nyumba huendelea kuona kioo kizima na uso mzima hata siku aigusapo. Nyigu nao hupenda kujenga nyuma ya fremu iliyoinama. Moshi wa jiko huigeuza nyeupe kuwa rangi ya chai kwa miaka michache. Tabora ina mninga, mti wa miombo ambao mbao zake mchwa hauzipendi, na maseremala wanaojua kuutumia. Fremu ya mninga yenye mgongo wa ubao, ikipakwa nta ya nyuki wa nchi ileile, hudumu. Katika nyumba ya matofali mabichi msumari mfupi haushiki, hulegea pamoja na udongo wake. Afadhali picha ifungwe kwa waya na kuning'inizwa kutoka kwenye boriti, na vipande viwili vya kizibo vigundishwe kwenye pembe za chini nyuma yake, upepo upite kati ya mti na ukuta.